Balbu ya wati 100 haiunguzi hata vumbi la mbao, leza ya wati 40 inapasua ubao. Kuna nini humo ndani?

Mchonga Vibao:

Wakuu, salaam kutoka Chuga, yaani Arusha.

Nina kibanda cha kuchonga na kukata kwa leza hapa Unga Limited. Vibao vya milango, vikombe vya mashindano, vishikizo vya funguo vya kuuzia watalii, na mialiko ya harusi ya mbao kwa wanaopenda makuu. Mashine ni ile ya kawaida ya Kichina, tyubu ya kioo yenye gesi ya kaboni dayoksaidi, wati 40. Kwenye kasha iliandikwa 60, lakini na aliyeniuzia tulishamalizana, tusirudi huko.

Wiki iliyopita akaja mzee mmoja seremala, anataka kibao cha jina la mjukuu wake. Nikampa shikamoo, nikamvutia kiti, nikalaza plaiwudi ya milimita 3 mashineni. Mzee akatazama herufi zikidondoka moja moja, kimya kabisa. Kazi ilipoisha akauliza:

"Kijana, hiyo ni taa ya wati ngapi?"

"Arobaini, mzee."

"Karakana yangu ina balbu ya wati mia. Miaka thelathini inawaka juu ya benchi, haijawahi kuunguza hata vumbi la mbao. Hii ya arobaini inapasua ubao. Kuna nini humo?"

Nikajibu kwa pupa: leza ni mwanga mkali zaidi. Akaniangalia. "Mkali kuliko jua?"

Nikabaki na kibao mkononi. Miaka minne nakula kupitia hii mashine na sikuwa na jibu la maana. Nimelitafuta wiki nzima, naliweka hapa mnisahihishe.

Kwa wingi wa mwanga, mzee ana haki. Balbu yake inatoa karibu wati zake zote 100, nyingi zikiwa joto lisiloonekana kwa macho. Yangu inatoa 40 tu. (Ukutani inakula kama mara kumi ya hizo, zinazobaki zinaondoka na maji ya kupozea.) Tofauti ni zinakokwenda. Balbu inamwaga kila upande: ukutani, darini, hadi kwenye utando wa buibui wa kona. Ukisimama mita 1 kutoka kwenye balbu na lenzi yenye upana wa sentimita 5, unakamata miliwati 16 tu.

Leza inatoa wati zote 40 kwenye mwale mmoja usiozidi unene wa penseli, halafu lenzi inaubana uwe doa la milimita 0.2. Gawa wati 40 kwa eneo la doa hilo: zaidi ya wati 1,200 kwa milimita mraba. Jua kali la saa sita linaleta kama wati 1,000 kwa mita mraba nzima. Yaani pale kwenye doa ni zaidi ya mara milioni moja ya jua la mchana. Kwa hiyo ndiyo mzee, mkali kuliko jua, ila kwenye kidoa hicho tu.

Sasa kwa nini balbu isibanwe vilevile? Hapa ndipo nilipokesha. Balbu ni stendi ya mabasi. Nyuzi ikishika moto, kila atomu inatoa mwanga kwa wakati wake, kwa rangi yake, kuelekea kokote. Wapiga debe mia wanaita kwa pamoja, Moshi! Babati! Namanga!, kila mtu na sauti yake. Kelele nyingi, wimbo hakuna.

Leza ni kwaya. Umeme unazijaza nguvu molekuli ndani ya tyubu, zinasubiri. Chembe moja ya mwanga, yaani fotoni, ikipita karibu na molekuli iliyojaa, molekuli inaitikia: inatoa fotoni nyingine ya rangi ileile, uelekeo uleule, mapigo yaleyale. Moja imekuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Vioo vya kila mwisho wa tyubu vinazirudisha zipite tena na tena, na kimoja kimeachwa kivujishe kidogo. Kinachovuja ndicho kinachokata. Fotoni iliyokwenda mshazari inatokea ubavuni mwa tyubu kabla haijapata wa kuiitikia, ndiyo maana mwale unatoka umenyooka.

Huku kuitikia kulielezwa na Albert Einstein mwaka 1917. Ilipita miaka 43 mpaka Theodore Maiman akaiwasha leza ya kwanza, tarehe 16 Mei 1960, Malibu, California, kwa kijiti cha rubi, lile jiwe jekundu la vito, kilichozungukwa na taa ya mmweko. Mabroka msiniulize: rubi yake ilikuwa ya kutengenezwa, haikutoka machimbo ya Longido. Ya gesi kama yangu ilifuata mwaka 1964, kazi ya Kumar Patel wa maabara ya Bell Labs, Marekani.

Nawasilisha.

Chalii wa Ngarenaro:

Chai hii mkuu, tena ya rangi. Tukiwa wadogo tulichoma majani makavu kwa miwani ya babu. Jua ni mwanga wa kawaida, halina kwaya wala mwalimu wa kwaya. Tatizo lako ni lenzi ndogo. Weka lenzi ya mita nzima mbele ya balbu uone moto.

Mchonga Vibao:

Chalii wangu, swali lako ni zuri kuliko maelezo yangu.

Lile doa la miwani ya babu si nukta. Ni picha ya jua. Chukua lenzi mbinuko, isogeze mpaka doa liwe dogo kabisa, halafu jaribu kulifanya dogo zaidi. Halikubali. Jua linachukua nusu ya digrii angani, kwa hiyo lenzi inayokusanya mwanga kwa umbali wa sentimita 10 inachora kijua cha karibu milimita 0.9, na hapo ndiyo mwisho. Kama lenzi ina upana wa sentimita 5, imekusanya wati kama 2 za jua kwenye kijua hicho. Hizo ni wati 3 kwa milimita mraba. Majani yanaungua, umesema kweli. Lakini bado uko mara 400 chini ya doa la mashine.

Utasema lenzi kubwa. Lenzi kubwa inakusanya zaidi, ila inahitaji umbali zaidi, na picha nayo inakua. Hutoki. Lenzi na vioo vyote duniani haviwezi kulifanya doa liwe na moto kupita pale mwanga ulipotoka. Uso wa jua una nyuzijoto kama 5,500, basi hata ukitandaza vioo uwanja mzima wa Sheikh Amri Abeid, doa halitapita hapo. Nyuzi ya balbu ni kama 2,500. Inatosha kugeuza ubao mkaa, nakubali, lakini picha ya nyuzi ni pana na imepindapinda kama nyuzi yenyewe. Ukiibana iwe ndogo unapoteza mwanga. Utapata ubao ulioungua, hutapata herufi A.

Leza haina nyuzi wala kijua cha kuchora. Mwanga wake unakuja kama umetoka sehemu moja mbali sana, kwa hiyo lenzi inaubana mpaka pale urefu wa wimbi lenyewe unapokataa.

Meku wa Kibosho:

Mangi, mimi nimeelewa kwa mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia. Mvua ikinyesha kihamba kizima, yaani shamba la nyumbani, inalowesha majani tu. Maji yaleyale ukiyaingiza kwenye mfongo yanafika kwenye mgomba unaoutaka, na ukiyabana yanachimba udongo. Leza ni mfongo wa mwanga. Sahihi?

Mchonga Vibao:

Nusu yake, meku. Mfongo unaeleza uelekeo. Haujaeleza mapigo. Mawimbi yote ya leza yanapanda na kushuka pamoja, na hilo ndilo linalowezesha kazi ambazo hazina moto hata kidogo. Mwaka 1947 Dennis Gabor alibuni hologramu, picha inayohifadhi umbo zima la kitu, kabla leza haijakuwepo. Akatumia taa ya zebaki, akaipitisha kwenye chujio la rangi na katundu kadogo ili apate mwanga wenye nidhamu. Aliupata, ila ulikuwa hafifu na picha zake zikawa za shida. Mwanga wa kawaida unafundishika, ila ni kwa kuwafukuza karibu wapiga debe wote ubaki na wawili wanaoimba sauti moja. Hologramu zilianza kupendeza miaka ya 1960 leza zilipopatikana, na Gabor akapewa Nobel mwaka 1971.

Mpima wa Njiro:

Naongezea kutoka fani yangu, maana mkuu amenigusa hapo aliposema mwanga wa kawaida ulijaribiwa kwanza.

Ile mashine ya miguu mitatu tunayosimamisha barabarani inapima umbali kwa mwanga: unakwenda hadi kwenye prizimu, kile kioo cha kuurudisha, unarudi, inasoma umechelewa kiasi gani. Mita moja kwenda na kurudi ni chini ya nanosekunde 7, kwa hiyo si saa ya ukutani. Sasa basi, vifaa vya kwanza vya namna hii havikuwa na leza. Geodimeter ya Msweden Erik Bergstrand ilikuwa kazini tangu miaka ya 1950, na ndani yake mlikuwa na taa ya kawaida. Ilipima vizuri mno, lakini wapimaji walilazimika kufanya kazi usiku. Mchana jua lilikuwa linaimeza taa yao.

Leza ilipokuja, mambo mawili yakabadilika. Mwale unafika mbali bila kutawanyika sana, na una rangi moja tu. Ukiwa na rangi moja unaweka mbele ya kipokezi chujio linaloruhusu rangi hiyo peke yake, jua lote linabaki nje. Ndiyo maana leo nasimama saa saba mchana, jasho linanitoka, na kipimo kinasoma milimita.

Ila rekebisha kimoja, mkuu. Mwale "umenyooka" lakini si milele. Wana-anga wa Apollo 11 waliacha vioo Mwezini mwaka 1969, na hadi leo vinapigwa leza kutoka duniani. Mwale unaoondoka na upana wa darubini unafika kule umetanuka kilomita kadhaa. Unarudi baada ya sekunde 2.5 hivi, fotoni za kuhesabu. Hata hivyo ndivyo tulivyojua Mwezi unatukimbia sentimita 3.8 kila mwaka. Kwa balbu hiyo kazi sahau.

Dada wa Macho, Moshi:

Jamani na sisi tupo. Nimefanya kazi kliniki ya macho, naona wagonjwa wa kisukari wanaochomwa leza kwenye retina, lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea picha, ili mishipa isivuje damu. Wanauliza swali la huyo mzee karibu kila siku: mbona taa ya kunichunguzia haikuniunguza?

Na kwetu pia mwanga wa kawaida ndio ulioanza. Daktari Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath aliona watu waliotazama kupatwa kwa jua mwaka 1945 wakiwa na makovu retinani. Akawaza: kama jua linaunguza bila mpango, kwa nini nisiunguze kwa mpango? Akaanza kuwatibu wagonjwa kwa mwanga wa jua wenyewe, ulioletwa ndani kwa vioo. Siku ya mawingu hakuna matibabu! Baadaye miaka ya 1950 wakatengeneza taa kali ya xenoni. Ilifanya kazi, iliokoa macho, lakini doa lilikuwa kubwa, jicho lilikaa kwenye mwanga muda mrefu, na maumivu yalikuwepo.

Leza iliishinda taa hiyo kwa rangi. Mwanga wa kijani unapita kwenye maji ya jicho bila kuyagusa, ukifika kwenye damu na ile tabaka yenye rangi nyuma ya jicho unanywewa. Xenoni ina rangi zote, nyingine zinapasha joto pasipotakiwa. Leza unachagua rangi inayoliwa na kitu unachokilenga tu, kwa sehemu ndogo ya sekunde, doa dogo kuliko kichwa cha pini.

Mchonga Vibao:

Dada umenipa kitu. Kumbe ni kilekile cha kibandani. Mwale wangu una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), hauonekani kabisa. Kile kidoa chekundu mnachokiona kwenye kichwa cha mashine ni kileza kingine kidogo cha kulengea. Huo usioonekana unanywewa na mbao, na akriliki (ile plastiki ngumu), hata kioo cha dirisha. Kwa hiyo akriliki angavu kama maji, macho yako yanapita, mwale wangu haupiti. Lakini chuma cha pua unakirudisha. Medali nazipeleka kwa jirani mwenye mashine ya mikromita 1.06, na ya kwake inaweka alama kwenye chuma huku ikipita kwenye akriliki angavu kama haipo. Ndiyo maana hata lenzi yangu si ya kioo, ni ile ya njano ya zinki selenaidi. Ya kwanza niliiacha ikashika moshi wa mbao, ikaanza kuunywa mwale yenyewe, ikapasuka kazi ikiwa nusu. Bei yake sisemi, mke wangu anasoma humu.

Mvuta Faiba:

Niko mkongoni, nafupisha. Kiini cha faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba mawasiliano, cha masafa marefu ni mikromita 9, kuingiza mwanga wa LED (vile vitaa vidogo vya kielektroniki) humo ni kama kumimina ndoo kwenye mdomo wa chupa ya soda. LED tunazo, kwenye faiba nene za ndani ya jengo, mita mia kadhaa basi. Tena LED ina rangi nyingi zilizojirani, na kila rangi ina mwendo wake ndani ya kioo. Unatuma alama moja fupi, inafika imetanuka, inapanda juu ya inayofuata. Leza ya nanomita 1,550 ina wembamba wa rangi na inapotea desibeli 0.2 tu (kipimo cha kufifia kwa mwanga) kwa kilomita. Moshi hadi Arusha, kilomita 80 hivi, inafika karibu sehemu moja ya arobaini ya mwanga uliotumwa, na inatosha kabisa bila kuongezewa nguvu njiani. Narudi shimoni.

Fundi Deki:

Mmeisifia sana leza. Mimi nimefungua deki hadi vidole vikaota sugu. Kwenye CD sawa, nyimbo zimepangwa mistari iliyoachana mikromita 1.6, hakuna balbu itakayochora doa dogo hivyo, leza lazima. Lakini rimoti ya hiyo hiyo deki ni LED. Kuna printa zinazoitwa za leza na watu wote, ukizifungua unakuta mstari wa vitaa vya LED. Na skana nyingi za dukani siku hizi ni kamera na taa nyekundu ya kawaida. Kwa hiyo si kila kinachong'aa chekundu ni leza.

Mchonga Vibao:

Fundi, nakuvulia kofia. Rimoti ikiwa leza ungelazimika kulenga deki kama unawinda swala. Pale unataka mwanga utawanyike. Hata nyumba huwezi kuiwasha kwa leza tupu: mwanga uliopangika ukigonga ukuta unatoa vichembechembe vinavyomemetuka, macho yanachoka. Sebuleni wapiga debe wanahitajika.

Mama Careen:

Samahani wanangu, nimesoma yote. Mwanangu ana tochi ya leza ya kijani, kanunuliwa sokoni. Miliwati 5 imeandikwa. Kama balbu ya wati 100 haina neno, hiyo si ndogo mno?

Mchonga Vibao:

Shikamoo mama. Mnyang'anye leo. Jicho lenyewe ni lenzi. Balbu inachora picha yake pana retinani, joto linagawanyika. Mwale wa leza unabanwa na jicho hilohilo uwe doa la mikromita kumi hadi ishirini hivi, kama mashine yangu inavyobana ubao. Kinachohesabiwa salama kwa bahati mbaya ya kukutana nao ni miliwati 1, kwa sababu mtu anapepesa. Na hizo za kijani za bei rahisi huwa zinavujisha pia infraredi ambayo jicho haliioni, hivyo halipepesi. Namba ya kwenye kibandiko usiiamini, yangu iliandikwa 60.

Dada wa Macho, Moshi:

Naunga mkono. Na asiichungulie tochi eti aone "imekolea kiasi gani".

Mchonga Vibao:

Wakuu, mrejesho. Mzee karudi leo kwa kibao cha mjukuu wa pili. Nikamweleza stendi na kwaya, picha ya jua, yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akapitisha kidole kwenye ukingo wa herufi, akanusa.

"Basi usiiite taa. Ni patasi."

Nikamwambia sawa mzee, ila ni patasi ambayo hairuhusiwi kwenye kila kitu. Alikuwa kaniletea kipande cha vinaili nikate pia. Hiyo ni PVC, ikiungua inatoa gesi ya asidi, inakula mapafu na inakula reli za mashine. Kaenda nacho nyumbani, atakikata kwa kisu.

Chalii wa Ngarenaro:

Nafuta neno chai. Ila miwani ya babu ilikuwa inaunguza kweli.

Meku wa Kibosho:

Mangi, kibao cha mninga chenye jina la ukoo, herufi za kuzama, unaweza? Mninga ni mgumu.

Mchonga Vibao:

Kuchonga naweza, kukata kwa wati 40 sikuahidi, nitapitisha mara nne na ukingo utatoka mweusi. Kata umbo kwa msumeno huko huko, uniletee nichonge jina tu. Njoo inboksi tuongee bei.